Mashine Isiyomtorosha Fundi

Chumba cha Mbele,
Nyumba ya Mlango wa Buluu,
Mkabala na Duka la Dawa.

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Afya na Makazi.

YAH: MADHARA NILIYOYAPATA KWA KUFUATA USHAURI WENU WA KUCHAGUA MASHINE YA KUKIMBILIA NYUMBANI

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu, wewe na wote mlio hapo ofisini, pamoja na yule mchoraji wenu anayechora watu wembamba wanaotabasamu huku wanatoka jasho. Sisi hapa tu wazima, ukiondoa hayo nitakayoyaeleza, na nitayaeleza kwa namba ili mtakaponijibu msije mkaruka hata moja.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini na mmoja, katika chumba cha mbele cha nyumba yangu. Nashona suti, sare za shule, magauni ya sherehe, na mapazia kama mtu akibembeleza sana. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili ujue unaandikiwa na mtu anayejua kupima, maana lalamiko langu lote ni la vipimo.

Miezi minne iliyopita daktari wa zahanati alinipima sukari. Akapima tena, kisha akaniambia nivue viatu. Alichukua kijiuzi kigumu cha plastiki akawa ananigusa nacho kwenye wayo, huku ameniambia nifumbe macho, na kila mara ananiuliza kama nasikia. Nikamjibu nasikia, nasikia, nasikia. Akasema hizo mara mbili za mwisho hakunigusa. Ndipo akanieleza kwamba sukari imepanda sana, ganzi imeshaingia miguuni, na mguu usiosikia huumia bila mwenyewe kujua, hadi siku unapokatwa. Dawa angenipa, chakula ningepunguza, lakini alitaka nitembee nusu saa kila siku bila kukosa, na baada ya miezi michache angeupima tena wayo wangu aone kama kuna la kuokoa.

Nilimweleza kwa heshima kwamba mimi ni mtembeaji mkubwa. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, na kwa miaka thelathini na mmoja nimeikanyaga asubuhi hadi jioni, kwa hiyo kwa makadirio yangu nimeshavuka mipaka ya nchi kadhaa na kurudi. Nikamwomba anihesabie walau nusu ya safari hiyo. Akasema safari ya kukaa kitini haihesabiwi, na akanikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa hapa kuna jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusa kabisa, nami lazima niliseme wazi. Fundi cherehani hatembei barabarani. Mwenye duka atatembea, mwalimu atatembea, hata mchimba makaburi atatembea na watu watampisha kwa adabu. Lakini fundi cherehani akitoa mguu nje tu, anakutana na mwenye suruali aliyoahidiwa Ijumaa. Kutoka mlangoni kwangu hadi kona ya zahanati ni hatua mia mbili na arobaini, na katika hatua hizo nina wateja kumi na tisa. Siku ile ya kupimwa nilipitia uchochoro wa nyuma, nimejifunika mwavuli hadi mabegani, na wala hapakuwa na mvua wala jua.

Usinihukumu, Ndugu Mhariri. Ahadi ni deni, najua, wateja wangu hunikumbusha msemo huo kila wanapopata nafasi. Lakini mtu anapokuletea kitambaa alichokichagua kwa siku tatu, na macho yake yanameta, huwezi kumwambia miezi mitano. Unamwambia Ijumaa. Hiyo kwangu mimi ni huruma, hata kama wengine wanaiita kwa jina lingine.

Basi nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nitaanza kutembea msimu wa sherehe ukipita. Hakubishana nami. Aliniwekea sahani yangu mezani, akasema taratibu: "Ukifa nitahitaji gauni jeusi. Na hilo nalo hujanishonea." Kisha akatoka kwenda kuanua nguo. Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na saba. Akipiga kelele ujue hana neno, na akisema taratibu ujue ameogopa. Nami nikaogopa.

Siku mbili baadaye mama anayeniuzia vifungo alinifungia zipu kumi na mbili katika ukurasa wenu. Kichwa kilisema "Chagua Mashine ya Kukimbilia Inayokufaa Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia." Niliusoma nikiwa nimesimama. Mashine unayotembea juu yake huku umebaki chumbani mwako, hakuna barabara, hakuna Ijumaa! Niliukata ukurasa kwa mkasi wangu mzuri, ule ambao hata mke wangu haruhusiwi kukatia karatasi, nikaubandika ukutani juu ya cherehani, nikaufuata kama mtu anayefuata mstari wa chaki. Yaliyonipata ni haya yafuatayo.

1. KUHUSU NAFASI. Mwandishi wenu anasema mtu apime chumba chake, aache upenyo nyuma na pembeni, ndipo achague mashine inayoenea. Nilipima chumba cha kulala kwa utepe wangu, mara tatu, nikaandika katika daftari la vipimo chini ya jina langu mwenyewe. Dukani muuzaji alinionyesha mashine moja ndogo inayoenea barabara. Nikaizunguka, nikaikanyaga, nikaigusa mishono. Kulikuwa na mashine kumi na moja humo dukani na nilizipima zote. Baada ya saa mbili muuzaji akaninong'oneza kwamba mchagua jembe si mkulima, nikamjibu kwamba asiyechagua kitambaa si fundi.

Sasa elewa jambo hili. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, na katika maisha yangu sijawahi kumshonea mtu nguo inayomkaa sawasawa siku ya kwanza. Nguo huachiwa nafasi ya kukua. Mtoto anaingia darasa la kwanza mikono ya shati imemfunika vidole, akifika la tatu imeenea, la tano bado anavaa na mama yake ananiombea dua. Mwandishi wenu anaandika neno "inayoenea" bila kueleza inaenea leo au inaenea mwaka kesho. Nikamwambia muuzaji anipe inayozidi kidogo ili nikue nayo. Akauliza mtu wa miaka hamsini na nane anakuaje. Nikamfafanulia kwamba nitaanza kwa kutembea, baadaye nitakimbia, hatua zitarefuka, kwa hiyo pindo liwepo. Akanipa mashine iliyokuwa imeagizwa na hoteli moja, hoteli ikabadili nia.

Ililetwa na wanaume wanne. Haikuingia chumba cha kulala wala haikupita kwenye korido. Ilikwama kwa upana wa kiganja tu. Wale wanaume wakaiweka chini palepale walipochokea, yaani katika chumba changu cha mbele, kati ya cherehani na mlango, uso wake umeelekea barabarani. Wakanywa maji wakaondoka. Madhara yote yanayofuata yametokana na hapo.

2. KUHUSU KUKUNJIKA. Mnasifu mashine za kukunjwa. Mimi kila siku ya Mungu napiga pasi mikunjo ya watu, na najua kwamba kilichokunjwa hubaki na alama. Nilichukua isiyokunjika. Sasa nikienda kula napita ubavuubavu, na meza ya kukatia nimeihamishia barazani ambako kuku wa jirani wanaipenda.

3. KUHUSU DARI. Mlisema mtu ajumlishe urefu wake na kimo cha mashine, kisha aongeze shubiri. Nilifanya hivyo, nikiwa pekupeku kama ninavyowapima wateja. Hamkutaja feni. Siku ya kwanza nilipobonyeza kitufe cha kupandisha mwinuko, feni ilinivua kofia ikaitupa kwenye pipa la vipande vya vitambaa. Tangu siku hiyo natembea feni ikiwa imezimwa, kwa hiyo natoka jasho la kutembea na jasho la joto kwa wakati mmoja, na mwandishi wenu aliahidi moja tu.

4. KUHUSU KELELE. Mwandishi anashauri mota tulivu kwa ajili ya majirani. Majirani si tatizo langu. Kwa miaka mingi mimi na mke wangu tulikuwa na utaratibu ambao haukuwahi kumdhuru mtu. Mteja akibisha hodi, naondoa mguu kwenye cherehani, nyumba inakuwa kimya, mke wangu anatoka anasema fundi hayupo, na mteja anakwenda zake akiamini kile alichokisikia, yaani ukimya. Sasa kuna mashine ya hoteli chumbani. Ukiizima inaendelea kuunguruma kwa muda, kama mzee aliyekatishwa hadithi.

Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani, mtu mnene na mpole ambaye suruali yake ya kijivu ilikuwa kwangu kwa muda ambao sitautaja, alikuja asubuhi ya pili. Mke wangu akamwambia sipo. Sakafu ilikuwa inatetemeka, vikombe kabatini vinagongana. Mwalimu Mkuu akauliza, kwa upole wake uleule, kama sipo ni nani anayekimbia. Mke wangu ni mkweli katika mambo mengine yote ya maisha yake, na swali la mwalimu lilimzidi nguvu. Akafungua mlango.

5. KUHUSU MWENDO. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mashine yenu inakimbiza mtu lakini haimtoroshi. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na walau wao walikuwa na ukingo. Mimi natembea mwendo wa tano, mteja amesimama mbele yangu, ameshika vishikio vya mashine kama anayembembeleza mtoto, na risiti iko mkononi. Nikiongeza mwendo, yeye yupo. Nikipunguza, yupo karibu zaidi. Barabarani mtu unaweza kuvuka upande wa pili au ukajifanya unaitwa na mtu. Juu ya mashine unajifanya unaitwa na nani?

Kuna kijana mmoja hapa mtaani tunamwita Bwana Harusi. Aliniletea kitambaa cha suti ya harusi yake. Harusi ilifika, akavaa suti ya kaka yake, ndoa ikajibu, sasa ana watoto wawili na mkubwa anaanza shule. Bado tunamwita Bwana Harusi kwa sababu suti bado. Huyu alikuja, akachukua kigoda, akakiweka mbele ya mashine akakaa, akaniuliza suti yake lini. Nikapandisha mwendo hadi sita. Akangoja. Nikapandisha hadi saba, pumzi zikawa zinanitoka kwa mafungu. Akakunja mguu, akasema: "Kimbia tu, fundi. Mimi siku hizi sina haraka." Ndugu Mhariri, nilikimbia mbele ya kijana yule dakika kumi na nane, na nilipoteremka alikuwa amekaa palepale na mimi nimesimama palepale, tofauti ni kwamba mimi sikuweza kuongea. Akachukua daftari langu akaandika mwenyewe Ijumaa.

6. KUHUSU IDADI YA WATUMIAJI. Mwandishi anasema, kabla ya kuchagua, mtu aandike ni wangapi nyumbani wataitumia. Niliandika mmoja. Kwa kalamu ya wino.

Bwana Harusi ndiye aliyeanza. Aliomba ajaribu kidogo wakati nikitafuta mkono wa koti lake, na kwa kuwa mkono wenyewe ulikuwa bado haujakatwa, nilitafuta muda mrefu. Kesho yake akarudi na raba. Mwalimu Mkuu akaona, akaomba naye, kwa kuwa anangoja tu hata hivyo. Akaja mama wa duka la dawa, ambaye gauni lake la zambarau nililianza upande mmoja. Kufikia wiki ya tatu benchi langu la wateja lilikuwa limejaa watu wenye taulo shingoni, na wamejipangia zamu katika daftari langu la vipimo, kurasa za nyuma. Wanafika kabla sijafungua dirisha. Mke wangu amewawekea mtungi wa maji. Wanajua wenyewe swichi iko wapi, na wakinikuta nimesimama njiani wananiambia samahani, fundi, tupishe kidogo.

Lakini ngoja nikueleze hasara yenyewe, ile iliyonifanya nishike kalamu. Suruali ya Mwalimu Mkuu niliimaliza. Nasema tena, kwa kuwa watu hawanisadiki: niliimaliza, na zipu, na pindo, na vitanzi vya mkanda. Nilikuwa nimempima kiuno inchi arobaini na mbili. Akaivaa nyuma ya pazia, akatoka ameishika kwa mikono miwili, akaiachia kidogo nione, ikateremka hadi magotini. Kumbe mwalimu alikuwa ameshaingia thelathini na tisa. Akanitazama kwa huzuni, akasema fundi umekosea kipimo. Mimi! Nikaipunguza. Wakati naipunguza yeye anangoja, na siku hizi kungoja kwangu ni kutembea, kwa hiyo nilipofikia thelathini na tisa yeye alikuwa thelathini na saba na nusu. Suruali inamfukuzia mwalimu na haimkamati. Nimeibana mara nne, na mifuko ya nyuma sasa imekaribiana kiasi cha kusalimiana.

Ni hivyohivyo kwa wote. Vipimo vyote nilivyoviandika tangu mwaka juzi havifai hata kufungia zipu. Nguo zilizokwisha zinarudi kubanwa, zikibanwa zinachelewa, zikichelewa wenyewe wanangoja, wakingoja wanapungua. Fundi mwingine angesema heri nisingeshona kabisa, nami nimelifikiria hilo, lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Na dharau kubwa nimeipata kwa mama wa duka la dawa. Juzi nilimwambia, nikiwa nimejitahidi usiku na mchana, kwamba gauni lake litakuwa tayari Ijumaa, Ijumaa ya kweli. Akashtuka. Akaniomba kwa adabu nisiharakishe, nimcheleweshee wiki sita zaidi, kwa sababu kuna inchi mbili bado anazifanyia kazi. Ndugu Mhariri, katika miaka thelathini na mmoja kuchelewa kulikuwa ni kwangu mwenyewe. Nilichelewa nilipotaka na kwa kiasi nilichotaka. Leo kunaagizwa, na kuna tarehe yake.

7. KUHUSU MIMI MWENYEWE. Katika orodha ya zamu niliyoieleza hapo juu, mimi mwenye mashine ni wa kumi na nane. Kuna siku zamu yangu ilifika jioni, na mtu mmoja ambaye simfahamu kabisa, wala hana nguo kwangu, akaniuliza kama naweza kubadilishana naye.

Lakini nusu saa ya daktari ilikuwa palepale. Na mke wangu alikuwa palepale, mlangoni, hasemi kitu, ananiangalia miguu. Miguu yenyewe ilikuwa haisemi kitu vilevile. Nitakwambia ukweli mmoja usio wa malalamiko: kuna asubuhi nilikuwa natazama chini ili nijue kama nimeshavaa viatu. Mtu anayeishi kwa mguu wake anapotazama chini kwa sababu hiyo, hana ujanja tena. Nilichukua mwavuli nikatoka nje.

Nilitembea hadi kona nikiwa nimeinama. Hakuna mtu. Nikainua mwavuli kidogo, bado hakuna mtu. Mbele ya duka la dawa kimya, kwenye lango la shule kimya, kibaraza cha Bwana Harusi kitupu. Nilisimama katikati ya barabara nikafikiri, ndipo nikaelewa: wanaonidai wote walikuwa nyumbani kwangu. Nikafunga mwavuli. Nikaenda hadi darajani na kurudi, na nilipopita langoni kwa Mwalimu Mkuu nilipiga mluzi. Kesho yake nikaenda mbali zaidi. Sasa natembea dakika arobaini kila asubuhi na nyingine thelathini jioni, nasalimiana na watu ambao sikuwaona uso kwa uso tangu nilipokata vitambaa vyao.

Nakuuliza, Ndugu Mhariri, je, huo ni uungwana? Nimenunua mashine ya hoteli, nimepoteza chumba, feni, ukimya na vipimo vya mtaa mzima, yote hayo nisitoke nje, halafu mashine hiyohiyo imenitoa nje. Mtu wa kawaida angeweza kwenda nje bure siku ya kwanza.

Kwa sababu hizo zote ninaomba, na mkinichelewesha nitadai, mambo yafuatayo. Mchapishe masahihisho yanayosema kwamba mashine ya kukimbilia haifai kuwekwa nyumbani kwa mtu yeyote aliyewahi kuahidi Ijumaa. Mtoe tangazo, kwa herufi za kuonekana, kwamba viuno vyote vilivyopimwa kabla ya tangazo hilo vimefutwa na wenye viuno wasinilaumu. Mumtume mwandishi wenu aje na utepe wake, akae kwenye benchi langu wiki moja, apange foleni kama wengine. Na mashine mje muichukue muiweke hapo ofisini kwenu, mtembee ninyi. Milango yenu naamini ni mipana.

Msipojibu katika siku kumi na nne nitafunga safari nije kuwapima suti, ofisi nzima, kuanzia wewe. Vitambaa nitachukua. Na mkiniuliza lini, mnalijua jibu.

Nisalimieni msomaji wa prufu, ambaye kazi yake naiheshimu kwa kuwa naye anaishi kwa kubana pale palipozidi. Nisalimieni dereva, mlinzi, na mama anayewapikia chai. Mke wangu anawasalimu. Bwana Harusi anawasalimu. Mwalimu Mkuu anawasalimu akiwa juu ya mashine, ndiyo maana salamu yake nimeikata katikati, pumzi hazikumtosha.

Ni mimi, katika mshono ulionyooka,

Fundi wa Mlango wa Buluu

Nyongeza: Barua hii msiichapishe. Malalamiko ya kwanza hadi ya saba nayafuta yote, na mashine msije kuichukua, hata mkiwa mmeshawatuma watu njiani wapigieni simu warudi. Nilikuwa nimeshalamba gundi ya bahasha, nimeifungua tena kuongeza haya. Asubuhi hii, niliporudi kutoka darajani na kuvua viatu, nilikanyaga pini. Sakafu ya fundi haikosi pini, na mimi kwa mwaka mzima nilidhani nina bahati ya kuzikwepa. Kumbe mke wangu alikuwa akizichomoa nyayoni mwangu jioni, nikiwa nimekaa nasoma gazeti, mimi sina habari, naye hakuniambia hadi asubuhi hii. Leo niliisikia. Nilipiga ukelele hadi Mwalimu Mkuu akateremka kwenye mashine bila kuizima. Mke wangu alikuja mbio, mikono imejaa povu la sabuni, akapiga magoti mbele ya wateja wote, akaushika mguu wangu akaniuliza kama inauma. Nikamwambia inauma sana. Akaniuliza tena, nikamwambia inauma, mama, inauma vibaya. Akakaa sakafuni palepale akalia huku anacheka. Katika miaka yetu ishirini na saba sijawahi kumpa jibu lililomfurahisha kiasi kile.